Zamu ya Maneno

Mtu asomaye mitandao ya kijamii siku hizi hasomi kwa hiari yake kamili. Hufungua ukurasa akidhani atakuta maneno ya watu aliowachagua, akakuta maneno ambayo wengine wamemchagulia. La juzi limetangulia la leo. La rafiki limejificha nyuma ya tangazo la sabuni. La mgeni mwenye hasira limewekwa mbele kwa kuwa hasira huvuta macho. Twitter na Instagram zote mbili zilianza mwaka 2016 kuweka mbele machapisho yaliyoteuliwa kwa hesabu za kompyuta. Wakati, ambao ndio mpangaji wa kale wa mazungumzo ya wanadamu, ukaondolewa kitini.

Kwa mwalimu wa ushairi wa Kiswahili hasara hiyo si ndogo. Ushairi wetu, kwa sehemu kubwa, ni wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana tungo na malenga wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19; na Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilibeba maswali na majibu ya washairi toleo kwa toleo. Aulizaye hutangulia, ajibuye hufuata, na msuluhishi, kama yupo, huja mwisho. Malenga wa leo hufanya vivyo hivyo mitandaoni. Lakini jawabu likiletwa kabla ya swali, fumbo huwa limefumbuliwa kabla ya kufumbwa. Wanafunzi wangu huniletea shairi la kujibu, nami nikiwauliza linajibu nini, hunyamaza. Siwalaumu, swali lenyewe hawakuonyeshwa.

Dawa niitumiayo si mpya. Ni mlisho uitwao RSS, uliotolewa na Netscape mwaka 1999 na kufikia toleo la 2.0 mwaka 2002. Mlisho ni faili la maandishi matupu, lenye tarehe na anwani ya kila chapisho, na mara nyingi maneno yake pia. Programu ya kusomea huenda kulitazama kila baada ya muda, kama mtu aendaye posta kufungua sanduku lake: likiwa na jipya hulichukua, lisipokuwa nalo hurudi mikono mitupu. Mastodon hutoa mlisho wa kila mtu kwa kuongeza .rss mwishoni mwa anwani ya ukurasa wake. Bluesky nayo ina milisho, na kila chaneli ya YouTube ina wake. Basi malenga aghanie YouTube na mwenziwe anayemjibu kwa maandishi Bluesky hukutana kwangu katika orodha moja, kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna anayehesabu jicho langu lilikaa muda gani juu ya neno lipi.

Walakini mlango huu haukuwa wetu. Twitter, iitwayo X tangu mwaka 2023, iliifunga milisho yake mwaka 2013. Na tarehe 1 Julai ya mwaka huo huo Google iliifunga Google Reader, programu iliyopendwa sana na wasomaji wa milisho. Facebook na WhatsApp, ambako washairi wengi wa Kiswahili wamepiga kambi, hazinipi mlisho. Wako mafundi waliojenga madaraja ya kuchotea machapisho yaliyofungiwa, lakini daraja la namna hiyo huvunjwa siku yoyote mwenye mto apendapo. Kwa hiyo nausikia mji nusu tu; nusu hiyo, angalau, naisikia kwa mpango.

Liko jambo jingine, nalo ndilo linikoseshalo usingizi. Mwenye chapisho akilifuta, nakala iliyokwisha kuchukuliwa na programu yangu inaweza kubaki. Usiku mmoja mshairi kijana aliandika beti tano kumjibu mzee aliyemkosoa: vina vimetimia, mizani haikupungua, na matusi yako wazi. Asubuhi alikwisha kuzifuta, na jioni akatoa shairi la kuomba radhi. Kwangu zilikuwapo zote, mahali pake hasa, kati ya ukosoaji wa mzee na radhi ya kijana. Kitaaluma ni kiungo kisichoachika, kwa maana shairi la radhi bila zile beti halieleweki linaombea nini. Kiutu, mwenyewe amezirudisha. Mhariri wa gazeti la zamani angeweza kuzuia barua kama hiyo ndani ya mtoto wa meza yake. Mlisho hauna mhariri, wala hauna mtoto wa meza.

Nilifundisha shairi la mzee na lile la radhi, nikawaambia wanafunzi kuwa kati yake zimo beti tano ambazo mtunzi amezitwaa tena, nasi hatutazisoma. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, unazo?"

Nikasema ninazo.

"Na siku utakapostaafu, tutazikuta?"

Darasa likacheka, mimi sikucheka. Beti zimo bado, chini ya tarehe yake, na kila nifunguapo programu ile nakiona kitufe cha kufutia kando yake.