Kikapu cha Uyoga

Likizo ile nilitoka Dar es Salaam kwenda kwa bibi Mapera, Mbinga, nikiwa na alama nzuri za baiolojia na kichwa kimevimba. Mvua zilikuwa zimekolea. Asubuhi nikamchukua binamu yangu mdogo, tukapita mashamba ya ngoro, tukaingia porini. Saa nne tukarudi na kikapu kimejaa uyoga.

"Tutapika na supu ya nyanya," nikatangaza. "Tukitia kitunguu kisipogeuka cheusi, basi hauna sumu." Hayo niliyaokota mtaani, wala hayamo kitabuni.

Bibi akamwaga kikapu mkekani. Akashika mmoja, akaugeuza. "Huu uliung'oa au uliuvunja?"

"Niliuvunja, bibi. Mizizi ya nini?"

Akanitazama kwa utani wake wa siku zote. "Mume wangu, unataka kuniua hata mahari hujalipa?"

Lakini hakucheka. Akatushika mikono, tukarudi porini. Pale nilipovunja akachimba kwa kijiti. Chini ya kishina kilichobaki kulikuwa na kimfuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka. Pembeni, kwenye kichuguu, akafukua uyoga mwingine: huo hauna mfuko, una mzizi mrefu unaozama kwa mchwa. Juu, kwa macho yangu, ilikuwa pacha.

"Ukiukata juu, umeutupa ushahidi," akasema.

Kikapu kizima kikaishia shimoni, hata ule mzuri. Tukanawa mikono.

Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya uyoga wa mfuko una sumu isiyoisha kwa kupikwa wala kukaushwa. Mtu hula, hulala salama; huanza kutapika baada ya saa 6 hadi 24. Kisha hupata nafuu ya uongo huku ini linaharibika. Kitunguu hakijui lolote.

Jioni tulikunywa supu ya nyanya tupu: nyanya za bustanini zilizopondwa, kitunguu, chumvi, na ugali wa moto. Binamu yangu alilamba bakuli, akaomba tena. Nilimtazama mdomo ule mdogo umekuwa mwekundu, koo likanikaba. Yeye ndiye angekula wa kwanza.

Bibi akaniongezea supu bila kusema kitu. Kesho yake alfajiri akanigongea mlango, mkononi ana kikapu na kijiti cha kuchimbia.