Mbwa Afundishwe Kupanda Ubao

Kwenye maegesho ya magari kando ya msitu wa Grunewald, Berlin, ambako mbwa huruhusiwa kukimbia bila kamba, mgeni kutoka Afrika Mashariki hukutana na jambo asilolizoea. Mwenye gari anafungua buti, anatoa ubao mrefu uliokunjwa katikati, anaukunjua na kuegemeza ncha yake moja kwenye ukingo wa buti. Mbwa mzee mwenye mvi mdomoni anasubiri. Akiambiwa, anashuka polepole, makucha yakishika zulia lililobandikwa juu ya ubao, mpaka miguu yote minne inafika chini. Wapita njia hawana habari naye.

Dar es Salaam au Nairobi, mbwa huyo angeruka. Jioni magari ya ulinzi huzunguka mitaani yakishusha mbwa wa lindo: kizimba kinafunguliwa, mbwa anaruka kutoka kwenye pikapu hadi kwenye lami, na asubuhi anaruka tena kupanda. Kwa kawaida mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo anapotua, mabega na viwiko ndivyo vinavyopokea kishindo. Kupanda nako kuna gharama yake. Nguvu ya kuruka hutoka nyuma, na German Shepherd, kipenzi cha wenye mageti makubwa, ni wa jamii inayosumbuliwa sana na ubovu wa nyonga wa kurithi. Watu husema mbwa amekuwa mvivu, kumbe anaumwa.

Ujerumani kuna sababu nyingine ya kuwa makini. Huko ndiko alikotoka dachshund, mbwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, aliyezalishwa ili aingie mashimoni kuwinda melesi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kwamba mbwa wengi wa miguu mifupi wana nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, inayohusiana na kukauka mapema kwa gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Gegedu ikipasuka na kukandamiza neva, mbwa anaweza kupooza miguu ya nyuma. Takriban dachshund mmoja kati ya wanne au watano hupatwa na tatizo hilo maishani. Ubao haufuti urithi, lakini unampunguzia mbwa misukosuko ya kuruka juu na kuruka chini, kwenye kochi, kitandani na kwenye gari.

Kununua ubao ni rahisi. Kazi ni kumshawishi mbwa. Walimu wazuri huanza kwa kuulaza chini kabisa, kwenye majani au sakafuni, bila kumwita mbwa. Mbwa anaunusa. Akiweka mguu mmoja juu yake, anapewa kipande cha nyama papo hapo, kabla hajautoa. Kisha miguu miwili, kisha minne, kisha anavuka kutoka ncha hadi ncha. Mafunzo hayazidi dakika tano kwa mkupuo, na huachwa mbwa akiwa bado ana hamu. Ubao ukishakuwa jambo la kawaida kwake, ncha moja huinuliwa kidogo, kimo cha tofali, halafu kimo cha ngazi ya barazani, na mwisho kabisa gari. Neno ni lilelile siku zote: “panda”, “shuka”. Kushuka huchelewa kueleweka kuliko kupanda, maana macho ya mbwa yanaona chini na uzito wake unamvuta mbele. Hapo msaidizi hutembea ubavuni, kamba ikiwa imelegea. Anayemburuta atamfundisha mbwa kuogopa ubao, na hofu hiyo haiondoki upesi.

Sheria ya Ujerumani inaunga mkono upole huo. Tangu 2014 anayefundisha mbwa wa watu kwa malipo lazima awe na kibali, na tangu 1 Januari 2022 kola zenye miiba zimepigwa marufuku katika mafunzo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini mbwa wengi wa uani bado hufundishwa kwa fimbo na makelele.

Si kwamba ujuzi haupo. Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limewafundisha mbwa kunusa pembe za ndovu na za faru, na ujira wa mbwa anapopata harufu ni kuchezeshwa mpira. Mbwa wa mpango huo wamefanya kazi hadi bandari ya Mombasa. Njia hiyohiyo, ya kumtuza mbwa kwa alichofanya vizuri, inastahili kumfikia mbwa anayelinda geti la Mbezi au la Kiambu. Mwalimu wake hasa angekuwa mlinzi wa usiku, ambaye hukesha naye na kujua lini anachechemea.

Pwani lipo jambo jingine la kuzingatia. Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafi hujiepusha na mate ya mbwa, ingawa kumfuga kwa ulinzi kunaruhusiwa. Mbwa mzee wa kilo 30 asiyeweza kuruka hulazimika kubebwa, naye akibebwa hulamba. Anayejua kupanda ubao huingia na kutoka garini bila kushikwa na mtu, na mwenye gari anakwenda msikitini bila wasiwasi wa nguo.

Vifaa vyenyewe havihitaji kuagizwa nje. Buti la kimo cha sentimeta 60 linahitaji ubao wa takriban mita 1.8, ili mwinuko ubaki chini kidogo ya digrii 20. Seremala wa Keko au wa Ngong Road anaweza kuukata kwa plaiwudi nene, kuupigia papi pembeni ili mguu usitoke, na kubandika zulia kuukuu juu. Bati lisitumike, maana jua la saa saba huligeuza kikaango. Badala ya soseji za Berlin, dagaa wakavu wasio na chumvi wanatosha kabisa. Harufu yao huvuta mbwa kutoka mbali. Fundi akumbushwe tu kupigilia vipande vya raba ya tairi kwenye ncha ya chini, kwa sababu ubao ukiteleza kwenye vigae siku ya kwanza, mbwa anaweza kuukataa na ikabidi kuanza upya na ubao uliolala chini.