Mvua Moja, Gharama Mbili

Basi liliondoka Manyoni kabla ya jua kuchomoza, nami kwa mara ya kwanza nikawa njiani kwenda Dar es Salaam. Ulikuwa msimu wa masika. Kwetu mvua huombwa. Wazee hufanya tambiko, makanisani na misikitini watu hupiga dua, na wingu likitanda kila mtu hutoka nje kulitazama. Mwaka wa ukame, mwenye ng'ombe huuza wawili watatu akajaza ghala. Asiye na ng'ombe huenda kulima kibarua kwa jirani, na shamba lake mwenyewe likabaki nyuma. Moyoni nilijiambia kuwa ninakokwenda mambo hayo hayapo, maana mjini kuna mabomba.

Tuliipita Dodoma, tukapanda Gairo penye baridi, na kuanzia Dumila nchi ikawa ya kijani kibichi ambacho sikuwahi kukiona. Morogoro sikubanduka dirishani. Milima ya Uluguru ilikuwa imezama mawinguni. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu niliyekaa naye alifurahi kuona ninavyoshangaa. "Hayo ndiyo maji ya Dar, mdogo wangu," akaniambia. "Yanatoka juu huko, yanaingia Ruvu, ndiyo yanatufikia." Tulipokaribia daraja la Ruvu alinigusa bega nisiukose mto. Ulikuwa umejaa hadi kwenye matete, maji yana rangi ya udongo. Nikakumbuka habari za mwishoni mwa 2022, mvua zilipokawia na mto huohuo ukakauka vibaya. Uzalishaji wa maji ya jiji ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 hivi, na mgao ukatangazwa. Kumbe hata Dar huweza kulilia mvua!

Tukashuka Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa mwaka 2021. Nilisimama na begi langu nisijue pa kuelekea. Kwetu siku ya mnada, ng'ombe, mbuzi, wachuuzi na wachoma nyama hujaa uwanja mmoja hadi kupita ni shida. Hapa ni mnada wa kila siku, ila badala ya mifugo yamepangwa mabasi, na wapiga debe wanaita nchi nzima kwa sauti moja: Mwanza! Songea! Bukoba! Shangazi alinikuta hapo, akanipandisha bodaboda hadi kwake mlimani.

Asubuhi ndipo mshangao ulipoanza. Kijana wa mkokoteni alimimina madumu mawili ya lita 20 kwenye pipa, shangazi akamhesabia shilingi 1,000. Bomba la uani lilikuwa kavu. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani mwenye kisima kirefu na matangi meusi juu ya mnara, kijana alikuwa akimwagilia ukoka. Nikapiga hesabu. Lita 1,000 ni madumu 50, yaani shilingi 25,000, wakati maji ya bomba ya kiasi hicho hayafiki hata robo ya bei hiyo. Kwa hiyo anayekosa bomba ndiye anayeyanunua maji kwa bei ya juu. Nilitulia kimya nikiwawaza mama zangu wa Manyoni, wanaouziwa dumu kwenye baiskeli kiangazi kikikaza.

Usiku ule mvua ilinyesha. Bati liliunguruma, nami nilitaka kutoka nje nishangilie kama tufanyavyo nyumbani. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi, anampigia binti yake anayepanga bondeni Kigogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mtu anaisikia mvua na kuogopa.

Kulipokucha tulikwenda kumwona binti huyo. Barabara ya Morogoro kwa upande huu ina njia nane, na kutoka Kimara tulipanda mwendokasi, basi refu lenye njia yake peke yake. Nilifurahia kasi ile mpaka tulipofika Magomeni tukaambiwa tushuke, mbele hapapitiki. Jangwani ilikuwa imefungwa. Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Salenda, ulikuwa umepanda juu ya barabara. Tukatembea kwa miguu hadi Kigogo.

Dada yangu huyo tulimkuta anachota tope kwa sufuria. Alinionyesha ukuta wa chumba. Kulikuwa na mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, na kila mstari una mwaka wake. Mlangoni wamejenga kizingiti cha saruji kinachofika gotini, na nyuma ya chumba wametoboa tundu la kutolea maji. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Kwenye boriti umening'inia mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, ndani yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki na leseni ya biashara. Mvua ile ilimchukulia mtaji, debe la unga wa ngano wa maandazi.

Nikamuuliza kwa nini hahami. "Nikihamia mbali, nauli itakula faida yote," alijibu. "Hapa Kariakoo nakwenda kwa miguu." Akanikumbusha mafuriko ya Desemba 2011, mvua iliyosemwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji, na baadhi yao walirudi bondeni kufuata riziki.

Wanasayansi wanasema joto la dunia linazidisha mvua kubwa za ghafla kama hizi na kuukaza ukame kama ule wa kwetu. Joto hilo lina wenyewe. Mwaka 2020 Oxfam na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm walikokotoa kuwa kati ya 1990 na 2015 asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani walizalisha asilimia 52 ya hewa ya ukaa, na nusu ya wanadamu walio maskini zaidi asilimia 7 tu. Dada yangu anapikia mkaa na kutembea kwa miguu. Deni hili si lake, lakini analilipa kila masika.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Mradi wa Bonde la Mto Msimbazi. Umo mpango wa daraja jipya la Jangwani, na kaya nyingi zimelipwa fidia ili zipishe. Nami naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwuza maandazi akihamishwa mbali na soko, tutakuwa tumemwokoa na mto na kumtupa kwenye njaa. Apewe makazi karibu na kazi, na mabomba yatoe maji mlimani na Manyoni pia, kwa bei ya bomba, si ya dumu. Hilo linawezekana, na linafaa kutangulia mengine yote.