Chenji ya Ipuli

Treni ya reli ya kati ikianza kukaribia Tabora, abiria huanza kuulizana kama bado ni mbali. Mimi nilikuwa nasubiri Lulanguru, kituo ambacho wengi hukipita wamesinzia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga bahari na sarafu za kutoka Ujerumani zikakoma kufika. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli hapo Lulanguru kuwa kiwanda cha kupigia fedha. Zikatoka hela 5, hela 20, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo aliyeinua mkonga. Nilichungulia dirishani nikaona miembe, mbuzi na wauza asali. Treni ikaondoka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Unyamwezi. Stesheni ya Tabora nilipanda bajaji hadi mtaa wa Ipuli, na kwenye chenji niliyorudishiwa mlikuwa na mia mbili iliyopapatika, simba hawaonekani, Karume amebaki kivuli.

"Hiyo imepita chini ya treni, bosi," dereva akacheka, akanibadilishia bila ubishi. Watoto wa mji wa reli hutega sarafu juu ya chuma wakasubiri behewa.

Mwenyeji wangu alikuwa sonara mstaafu, rafiki wa marehemu baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Ipuli. Baba yako aliniambia unapenda fedha mbovu."

Akamwaga kopo zima mkekani. Humo mlikuwa na ndururu, sumni za sungura, mia zilizoota kutu, na chini kabisa hela za Wajerumani. Alianza na matundu, maana ndiyo yanayowachanganya watu. Senti 10 ya Afrika Mashariki ya mkoloni ilitobolewa kiwandani: tundu lina ukingo wake wa duara, na maandishi pamoja na pembe za ndovu vimepangwa kulizunguka. Kwa sababu tundu halikuacha nafasi ya kichwa cha mfalme, senti za 1936 zenye jina la Edward VIII ziliwahi kutumika huku, ilhali kwao Uingereza alijiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia mitaani.

Halafu akanipa rupia ya fedha yenye Kaiza Wilhelm kavaa helmeti. Tundu lake lilikuwa juu ya kichwa, limekata herufi, na upande wa nyuma keekee ilikuwa imeacha ukingo mkali unaokwaruza kidole. Hiyo iliwahi kuwa shingoni mwa mtu. Nyingine ilikuwa na ubavu mtupu, vijino vyote vimekwisha: imepigwa tupa, kuna aliyevuna unga wa fedha kidogo kidogo. Mzee aliiweka kwenye mizani yake ya dhahabu pamoja na nzima. Nzima ikashuka mara moja.

Kwa sarafu za sasa alitumia sumaku. Hamsini na mia zinanasa kwa kuwa ndani ni chuma, juu ni ngozi tu ya shaba ya njano. Ngozi ikichubuka, kutu huingia, na mtu akiona mia nyeusi hudhani kapata toleo la ajabu. Binafsi naona biashara ya kuuziana "mia adimu" za namna hiyo ni utapeli mtupu.

Hela 20 za Tabora ndizo zilizonikalisha hadi taa ikawashwa. Nyingine za shaba ya njano, nyingine za shaba nyekundu, zote zina taji, herufi D.O.A. (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916 na T ya Tabora. Taji moja kubwa, jingine dogo. Chapa imekwenda upande. Herufi hazina makali. Macho yangu yaliyozoea sarafu za benki yangesema zote zimechezewa. Mzee alikataa. Kilichoharibiwa baadaye, alisema, huacha shaba iliyosukumwa: herufi ikigongwa, chuma chake hulala pembeni yake. Kilichopinda kiwandani hakina shaba iliyohama, na uso wake wote umechakaa kwa kiasi kimoja. Mafundi wa Lulanguru walifanya kazi kwa haraka na kwa vyuma vya kuokoteza, hata Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora Septemba 19, 1916. Kwa hiyo hapa, sarafu mbaya ya sura mara nyingi ndiyo salama, na ile iliyonyooka mno, hasa rupia 15 ya dhahabu, ndiyo ya kupelekwa kwenye mizani kwanza, kwa kuwa za kughushi zipo.

Basi nawe ukiokota hela ya 1916 shambani au kwenye sanduku la bibi, tafadhali usiisugue kwa majivu wala ndimu. Rangi yake ya uzee ndiyo shahidi wa mwisho wa kilichotokea kiwandani na kilichotokea baadaye, na ikishang'arishwa hakuna sonara atakayeweza kuirudisha.