Kuokoa Mafuta Mteremkoni

Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini. Husafiri sana kwa magari ya watu. Kwenye mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, nimeona madereva wakitoa gia ili gari literemke lenyewe. Wanasema wanaokoa mafuta. Hawaokoi kitu, na roho za watu zimo hatarini.

Gia ikitolewa, injini hunguruma bila kazi. Ili isizimike, lazima iendelee kunywa mafuta. Lakini gia ikiwa ndani, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hapo magari mengi ya siku hizi hukata mafuta kabisa. Tena injini husaidia kulizuia gari. Bila gia, mzigo wote huziangukia breki. Breki hupata moto, kisha hazishiki.

Dereva mmoja mzee hupunguza gia kabla ya kuanza kuteremka. Hakimbizi gari kisha akafunga breki ghafla, maana mwendo ule umenunuliwa kwa mafuta. Hupima pia upepo wa matairi, kwani tairi laini hula mafuta. Abiria wengine humwita mwoga. Mimi humngojea yeye, hata kama nitachelewa darasani.