Prosesa 512 Chini ya Linux Moja

Miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza nikigawa kompyuta. Kituo cha utafiti kilichoniajiri huko Ulaya kilikuwa na Altix, mashine ya SGI yenye prosesa 512 za Itanium 2, zote chini ya Linux moja. Watafiti waliiona kumbukumbu yake kama ghala moja. Kumbe imetawanyika: kila prosesa mbili, yaani nodi moja, zina fungu lao la jirani, na kulifuata la mbali ni sawa na mwenye kisima uani kwenda kuchota maji mtaa wa tatu.

Mtafiti mmoja wa hali ya hewa aliniletea karatasi mbili. Modeli ile ile, data ile ile, prosesa 64. Jana ilikwisha kabla ya adhuhuri, leo magharibi imeingia na bado inakwenda. Nikachungulia. Kazi ya jirani ilikuwa imejaza kumbukumbu yake ikafurika hadi kwenye nodi za mama huyu, na sehemu ya data yake ikasukumwa mbali. Modeli za namna hiyo huenda kwa hatua, na kila hatua prosesa zote husubiriana. Ikichelewa moja, 63 zinaingoja, tena zinangoja huku zikizunguka, hata ukizitazama unadhani zinachapa kazi.

Ndiyo maana nilifurahi sana cpuset, njia ya kuifungia programu ndani ya prosesa na kumbukumbu ilizopewa, zilipoingia katika kerneli rasmi, Linux 2.6.12, mwaka 2005, kwa juhudi za Paul Jackson wa SGI na Simon Derr wa Bull. Wakati huo ulikuwa unafungua saraka chini ya /dev/cpuset, unaandika namba za prosesa katika faili la cpus na za nodi za kumbukumbu katika mems, kisha namba ya programu unaitia katika tasks. Programu zote itakazozaa zinarithi mipaka hiyo.

Prosesa chache tuliuachia mfumo wenyewe. Waliokuwa kwenye foleni walinung'unika, nami sikulegea: shughuli ndogo ya mfumo ikiangukia prosesa moja kati ya 64, zote zinakwama.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kumbukumbu. Aliyetaka kumbukumbu ya nodi kumi kwa prosesa moja tulimhesabia prosesa zote ishirini, kwani zile 19 nani mwingine angezitumia bila kumbukumbu ya karibu? Wanabiolojia, ambao programu zao ndizo zilizodai kumbukumbu nyingi kwa prosesa chache, waliona tunawaonea. Tulibishana nao hadi mashine ilipozimwa, na mpaka leo naona hesabu ile ilikuwa ya haki.