Taka ya Nyumbani Hufika Baharini

Boyan Slat wa Uholanzi alikuwa mwanafunzi wa miaka 16 alipozamia baharini huko Ugiriki mwaka 2011. Alitaka kutazama samaki. Akakuta mifuko ya plastiki imewazidi kwa wingi. Hakuyafumbia macho aliyoyaona. Aliifanya taka hiyo kuwa somo lake shuleni, na mwaka 2013 akaacha chuo kikuu na kuanzisha shirika la kusafisha bahari.

Mwaka 2018 chombo chake cha kwanza kilikokotwa hadi bahari ya Pasifiki. Kilishindwa kuishika taka, na kabla ya mwaka kwisha kikavunjika. Wapo mabingwa waliokuwa wamemwonya. Hakukata tamaa: mwaka 2019 chombo kilichorekebishwa kikaanza kukusanya taka. Mwaka huohuo akageukia mito pia, maana kuchota taka ya bahari huku mito ikiileta nyingine ni kutwanga maji kinuni.

Na mto huipata wapi taka hiyo? Mfereji upitao nyuma ya nyumba, iwe kambini au kijijini, huishia mtoni. Basi usafi wa bahari huanzia mlangoni kwa baba na mama. Na mtoto huiga ayaonayo.